Kulinganisha unywaji wa pombe Tanzania na Kenya mwaka hadi mwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Muhimbili au Mlimani anayeandaa utafiti, mwandishi wa habari anayesubiriwa na mhariri, na yeyote aliyeona namba mtandaoni akataka kujua zinasimamia nini. Tumechukua Tanzania na Kenya kwa sababu ndizo nchi zinazolinganishwa zaidi hapa Dar es Salaam. Ukiwa na nchi nyingine mbili, njia ni ileile.

Nimeona Tanzania ina lita 9.4 na Kenya lita 3.4. Kweli tunawazidi Wakenya karibu mara tatu?

Namba hizo zipo. Zimo katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2018, na ni makadirio ya mwaka 2016: lita za alkoholi halisi kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa mwaka mzima. Katika ripoti hiyohiyo Uganda ilikuwa na 9.5, Rwanda 9.0, Burundi 7.5, na wastani wa dunia ulikuwa 6.4.

Lakini usiandike kichwa cha habari bado. Fungua mchanganuo wa aina za vinywaji. WHO hugawa pombe iliyorekodiwa katika makundi manne: bia, mvinyo, pombe kali na "vinywaji vingine". Bia ni ile ya shayiri, na mvinyo ni wa zabibu. Mbege na lubisi za ndizi, pombe ya mtama na ndugu zake huangukia kundi la nne. Kwa Tanzania kundi hilo la nne ndilo lililobeba sehemu kubwa ya lita zote, na bia ya chupa ni sehemu ndogo. Kwa Kenya bia ndiyo inayoongoza. Ukilinganisha bia kwa bia, pengo la mara tatu halipo tena.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu makini ni hili: pombe ya kienyeji imehesabiwaje kila upande? WHO hutanguliza takwimu za serikali, kisha za viwanda na biashara ya pombe, na zikikosekana huchukua za Shirika la Chakula na Kilimo (FAO). FAO hukadiria pombe za ndizi na nafaka kupitia mizania ya chakula, yaani mazao yaliyovunwa na jinsi yalivyotumika. Hakuna aliyesimama kilabuni Marangu akihesabu vibuyu. Makadirio ya namna hiyo yakiwa makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili, tofauti itaonekana kubwa hata kama watu wa pande zote mbili za Kilimanjaro wanakunywa kwa kulingana.

Hii haina maana kwamba Tanzania hainywi sana. Maana yake ni kwamba 9.4 na 3.4 hazikupimwa kwa njia moja.

Lita 9.4 za alkoholi halisi ni chupa ngapi za bia?

Chupa ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi halisi, yaani lita 0.025. Gawa 9.4 kwa 0.025, unapata chupa 376 kwa mwaka: chupa moja na kidogo kila siku, kwa kila mtu mzima, wakiwemo bibi asiyegusa pombe na ustadhi wa Magomeni. Kwa lita 3.4 ni chupa 136.

Fanya hesabu hii kila mara kabla ya kuchapisha. Ikitoka chupa 2,000 kwa mwaka, kuna mahali umesahau kuzidisha kwa asilimia ya nguvu, na unachapisha lita za kinywaji badala ya lita za alkoholi. Hilo ndilo kosa linalotokea kuliko yote.

Kwa nini WHO huanzia miaka 15 wakati sheria inasema 18?

Ni mkataba wa kitakwimu tu, kwa sababu takwimu za watu duniani hupangwa kwa makundi ya miaka mitano: 10–14, 15–19, 20–24. Tanzania na Kenya zote zinakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18, lakini ukigawa kwa 18+ upande mmoja na 15+ upande wa pili umeharibu ulinganisho.

Kugawa kwa watu wote ni kosa jingine. Kwa sensa ya 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na asilimia 42.8 walikuwa chini ya miaka 15. Kenya kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu 47,564,296, na walio chini ya 15 walikuwa takriban asilimia 39. Nchi yenye watoto wengi zaidi itaonekana inakunywa kidogo kuliko ilivyo. Watu wa 15+ ni takriban milioni 35.3 kwa Tanzania ya 2022 na milioni 29 kwa Kenya ya 2019.

Nipakue wapi data, na nichague nini?

Nenda kwenye hifadhi ya WHO iitwayo Global Health Observatory. Viashiria viwili vinakutosha kuanzia:

- SA_0000001688: jumla ya unywaji (iliyorekodiwa na isiyorekodiwa), 15+. Ndicho kiashiria namba 3.5.2 cha malengo ya maendeleo endelevu.
- SA_0000001400: pombe iliyorekodiwa, kwa aina ya kinywaji. Mfululizo wake unarudi nyuma sana, hadi miaka ya 1960.

Benki ya Dunia nayo hubeba kiashiria cha kwanza kwa jina SH.ALC.PCAP.LI. Chanzo ni WHO huyohuyo, kwa hiyo usizitaje kama ushahidi wa pande mbili tofauti.

Mambo yanayowakwamisha watu wakishapakua:

Kwanza, Tanzania haipo kwenye herufi T. Imeandikwa "United Republic of Tanzania", itafute kwenye U.

Pili, kiashiria cha jumla kina mistari mitatu kwa kila mwaka: wanaume, wanawake, na jinsia zote. Ukichukua wastani wa safu nzima unapata takataka. Chuja mstari wa jinsia zote kwanza.

Tatu, safu ya "Value" huwa na namba pamoja na kiwango cha chini na cha juu ndani ya mabano, kwa hiyo Excel huisoma kama maandishi na grafu yako inatoka tupu. Tumia safu ya FactValueNumeric. Zile za FactValueNumericLow na FactValueNumericHigh zihifadhi pia, utazihitaji.

Nne, kama kompyuta yako imewekwa kutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali, 9.4 inaweza kugeuzwa kuwa tarehe. Kagua mistari mitano ya kwanza kwa macho.

Nataka kukokotoa mwenyewe kutoka kwenye uzalishaji na ushuru. Hatua ni zipi?

Kwa kila mwaka na kila aina ya kinywaji, chukua uzalishaji wa ndani, ongeza ulioingizwa, toa uliosafirishwa nje, na urekebishe akiba iliyobaki ghalani kama unaijua. Zidisha kwa asilimia ya nguvu. Gawa kwa watu wa 15+. Jumlisha aina zote mwishoni, si mwanzoni, kwa sababu lita moja ya bia na lita moja ya konyagi hazijumlishiki kabla ya kugeuzwa kuwa alkoholi halisi.

Vipimo vya kiwandani viwe kichwani: hektolita moja ni lita 100, sawa na chupa 200 za mililita 500. Kreti ya chupa 25 ni lita 12.5, hivyo hektolita ni kreti 8. Tuseme una kreti milioni moja za bia ya asilimia 4.5: lita 12,500,000 × 0.045 = lita 562,500 za alkoholi halisi; gawa kwa watu milioni 35.3, unapata lita 0.016 kwa kila mtu. Kreti milioni moja inasikika nyingi, lakini kitaifa haifiki hata chupa moja kwa mtu mzima mmoja.

Kwenye takwimu za forodha, bia iko namba 2203, mvinyo 2204, vermuti 2205, vinywaji vingine vilivyochachuliwa 2206, na pombe kali 2208. Namba 2207 ndiyo mtego. Hiyo ni spiriti tupu, pamoja na ile iliyotiwa dawa ili isinyweke, na huingia kwa matumizi ya hospitali, viwanda, vitakasa mikono, na pia kutengenezea pombe kali. Ukiihesabu 2207 iliyoingizwa, kisha ukahesabu tena pombe kali iliyotengenezwa nayo hapa nchini, umehesabu kilevi kimoja mara mbili. Ukiiacha kabisa na kiwanda hakikuripoti uzalishaji wake, umeipoteza. Njia salama ni kuiacha nje na kutegemea lita za pombe kali zilizolipiwa ushuru wa bidhaa.

Asilimia ya nguvu nitumie ipi?

WHO hutumia viwango vya jumla: bia 5, mvinyo 12, pombe kali 40. Kwa ulinganisho wa dunia nzima vinafaa. Kwa nchi mbili jirani vinaweza kukupotosha, kwa sababu vinywaji vyetu havifuati viwango hivyo. Bia ya Tusker ni asilimia 4.2, ya Kilimanjaro 4.5, ya Safari 5.5, na pombe kali ya Konyagi 35.

Ukiipa Tusker asilimia 5 umeongeza alkoholi yake kwa asilimia 19. Ukiipa Safari asilimia 5 umeipunguza. Sasa chukulia Kenya bia inayouzwa zaidi ina nguvu ndogo kidogo na Tanzania ina nguvu kubwa kidogo: kiwango kimoja cha 5 kinaziba tofauti ambayo ndiyo ulikuwa unaitafuta. Ushauri wetu ni kukokotoa mara mbili, kwa viwango vya WHO na kwa viwango vya lebo, na kuweka matokeo yote mawili kwenye jedwali.

Ukihitaji gramu, zidisha mililita za alkoholi halisi kwa 0.789. Chupa ya Tusker ya 500 ina mililita 21, sawa na gramu 16.6. Safari ina mililita 27.5, gramu 21.7. Kipimo kimoja cha kawaida kwa WHO ni gramu 10, kwa hiyo "bia moja" ya grosari zetu ni karibu vipimo viwili. Dodoso linalouliza "ulikunywa vinywaji vingapi?" bila kutaja ukubwa wa chupa hupunguza unywaji kwa nusu papo hapo.

Gongo, chang'aa, mbege, mnazi: nifanyeje na pombe isiyopita kwa mtoza ushuru?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ripoti nyingi huruka haraka.

Tenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Kuna pombe haramu na kuna pombe isiyorekodiwa, na hazifanani. Gongo ni haramu Tanzania chini ya sheria ya mwaka 1966 ya kudhibiti utengenezaji wa moshi (jina jingine la gongo). Mbege, ulanzi, komoni, wanzuki na tembo la mnazi huuzwa vilabuni kwa leseni za halmashauri, si haramu, lakini lita zake hazionekani kwenye vitabu vya ushuru wa bidhaa. Kenya ilibadili mkondo mwaka 2010: sheria ya kudhibiti vileo iliruhusu chang'aa, gongo ya Kenya, kutengenezwa kwa leseni, kwa viwango, na kufungashwa kwenye chupa. Kwa hiyo kinywaji kilekile kinaweza kuwa "haramu" upande mmoja wa mpaka wa Namanga na "halali kwa masharti" upande wa pili, na mfereji wake wa kuingia kwenye takwimu ukatofautiana.

WHO hukadiria pombe isiyorekodiwa kwa kuchanganya tafiti za kaya, maoni ya wataalamu wa nchi na mahesabu ya kitakwimu. Ndiyo maana kiwango cha chini na cha juu huwa mbalimbali sana.

Ukifanya mwenyewe, usitafute namba moja. Weka makadirio matatu. Pombe za kienyeji hazina lebo. Nguvu hubadilika kwa siku ilizokaa, kiasi cha kimea au sukari, na joto. Mnazi wa asubuhi na mnazi wa jioni ni vinywaji viwili. Tuseme umekadiria lita bilioni moja za pombe ya kienyeji kwa mwaka. Kwa asilimia 3 ni lita 0.85 kwa kila mtu wa 15+ hapa Tanzania. Kwa asilimia 5 ni 1.42; kwa asilimia 7 ni 1.98. Tofauti ya juu na chini, lita 1.13, imetokana na kutojua nguvu tu, kabla hujagusa suala la kiasi. Yeyote anayekuletea namba ya pombe ya kienyeji yenye desimali mbili bila kiwango cha chini na cha juu, mrudishe akafanye upya.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kutumia kiwango kimoja cha pombe isiyorekodiwa kwa miaka yote. Uwiano huu haukai mahali pamoja. Bei ya bia ikipanda, sehemu ya wanywaji huteremka kwenye gongo na chang'aa. Ikishuka, hupanda tena.

Matukio gani yamevunja mfululizo wa data za nchi hizi mbili?

Chora mistari ya wima kwenye grafu yako kwenye miaka hii.

*Miaka ya 1980, Tanzania.* Uhaba wa bidhaa. Bia ilikuwa ya kusaka. Lita zilizorekodiwa zilikuwa chache kwa sababu ya upungufu, haina maana watu walikuwa wameacha kunywa. Mwaka 1993 Tanzania Breweries ilibinafsishwa kwa South African Breweries, na ongezeko la bia baada ya hapo kwa sehemu kubwa ni bidhaa kurudi sokoni. Anayechukua mwaka 1990 kama mwanzo wa mfululizo wake ataona "mlipuko wa ulevi" ambao ni mitambo iliyofufuliwa.

*2002.* East African Breweries ya Kenya na SABMiller (jina jipya la South African Breweries) walibadilishana hisa: kila mmoja akaacha kutengeneza bia kwenye nchi ya mwenzake, kiwanda cha Castle cha Thika kikafungwa na cha Kibo Moshi pia. Ukitumia taarifa za kampuni moja tu, mwaka huu unaonyesha kuruka au kuporomoka ambako si kwa wanywaji.

*2004 hadi 2015, Kenya.* Hiki ndicho kisa chenye mafunzo kuliko vyote. Bia ya Senator ya keg (ya pipa) iliingizwa mwaka 2004 ikiwa imepunguziwa ushuru, kwa makusudi ya kuwavuta wanywaji wa chang'aa. Lita zilizorekodiwa zikapanda. Mwaka 2013 serikali ikaiwekea ushuru kwa nusu ya kiwango cha kawaida, bei ikapanda na mauzo yakaporomoka. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa hadi asilimia 90, mauzo yakainuka. Mtu anayeangalia pombe iliyorekodiwa tu atasema Wakenya walianza kulewa 2004, wakaacha 2013, wakarudia 2015. Waliokuwa wakihama ni watu walewale, kutoka kwenye kikombe cha chang'aa hadi kwenye kikombe cha keg, na kurudi.

*2010, Kenya.* Sheria mpya, maarufu kwa jina la mbunge John Mututho. Baa zikapangiwa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana mwisho wa wiki, zote zikifungwa saa 5 usiku. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako dhidi ya pombe kali za bei nafuu.

*1 Machi 2017, Tanzania.* Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku. Kwenye takwimu, pombe kali iliyorekodiwa inatikisika hapa. Sehemu ilihamia kwenye chupa ndogo, sehemu kwenye gongo, na sehemu labda iliachwa. Data za ushuru haziwezi kukutenganishia hizo tatu.

*Januari 2019, Tanzania.* Stempu za kodi za kielektroniki zilianza, pombe ikiwa kwenye awamu ya kwanza. Stempu zikibana wakwepa kodi, lita "zinaongezeka" kwenye vitabu bila koo hata moja kuongezeka.

*2020.* Kenya ilifunga baa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Tanzania haikufunga. Mwaka huu usiufanye kuwa mwaka wa msingi kwa namna yoyote ile.

Nilipakua data mwaka juzi, leo namba za miaka ileile ni tofauti. Nani amekosea?

Hakuna. WHO hurekebisha mfululizo wote nyuma kila inapopata sensa mpya au chanzo bora. Wastani wa dunia uliotajwa katika ripoti ya 2018 ni lita 6.4 kwa mwaka 2016. Ripoti ya 2024 ikatoa 5.7 kwa mwaka 2010 na 5.5 kwa mwaka 2019. Ukiunganisha namba za ripoti hizo mbili kwenye mstari mmoja, dunia inaonekana imepanda kisha ikaporomoka ghafla. Usichanganye matoleo. Pakua nchi zote mbili siku moja, andika tarehe kwenye jina la faili, na faili hilo usiliguse tena.

Mwaka wa fedha na mwaka wa kalenda vinaleta shida gani?

Bajeti za nchi zote mbili huanza Julai, na taarifa za ushuru hufuata hivyo. Takwimu za uzalishaji kwenye vitabu vya hali ya uchumi mara nyingi ni za kalenda. Kukadiria kalenda ya 2018, chukua nusu ya 2017/18 na nusu ya 2018/19. Si kamilifu, maana Desemba huuza kuliko Februari, lakini ni bora kuliko kuchanganya. Ukipata data za mwezi kwa mwezi, zitumie.

Idadi ya watu kati ya sensa na sensa niichukue wapi?

Tumia makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa nchi zote mbili, toleo moja. Tanzania ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya 2012 na 2022. Kenya takriban 2.1 kati ya 2009 na 2019. Mtu akitumia watu wa sensa ya 2012 kugawia bia ya 2021, anaongeza unywaji kwa karibu theluthi moja. Na kiwanda kikitangaza mauzo yamepanda kwa asilimia 3, kwa Kenya hilo ni ongezeko dogo kwa kila mtu, kwa Tanzania ni kusimama palepale.

Kwa nini dodoso za kaya hutoa picha nyingine kabisa?

Kwa sababu watu husahau, huona aibu, na wanywaji wakubwa hawakutwi nyumbani. Ukikokotoa lita kutoka kwenye dodoso, mara nyingi unapata nusu ya zilizouzwa, au pungufu.

Angalia pia umri. Utafiti wa STEPS (dodoso la WHO la vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza) wa Tanzania wa 2012 uliwahoji watu wa miaka 25 hadi 64. Wa Kenya wa 2015 uliwahoji wa 18 hadi 69. Ukiweka asilimia za wanywaji za tafiti hizo bega kwa bega, umeacha vijana wa miaka 18 hadi 24 upande wa Tanzania. Omba data ghafi, kata zote mbili zibaki na 25–64, ndipo ulinganishe. Kagua vilevile swali lenyewe: "uliyekunywa siku 30 zilizopita" na "uliyekunywa miezi 12 iliyopita" ni makundi mawili tofauti.

Dodoso lina nguvu yake kwenye jambo ambalo mauzo hayawezi: nani anakunywa na anakunywaje. Unywaji wa kupindukia kwa WHO ni gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja angalau mara moja ndani ya siku 30. Chupa tatu za bia ya Safari zinavuka (gramu 65). Konyagi ya mililita 250 peke yake inavuka (gramu 69).

Wasiokunywa nifanyeje nao?

Toa jedwali la pili, la lita kwa kila mnywaji. Gawa lita za wote kwa sehemu ya wanaokunywa: nchi yenye lita 3.4 ambako mtu mmoja kati ya watano anakunywa ina lita 17 kwa kila mnywaji. Yenye lita 6 ambako nusu wanakunywa ina 12. Mpangilio umegeuka. Hizo ni namba za mfano, lakini mgeuko wenyewe hutokea kweli, hasa penye waumini wengi wasiogusa pombe. Usijaribu kurekebisha kwa dini kupitia sensa ya Tanzania. Swali la dini halijaulizwa tangu 1967.

Watalii wa Zanzibar na magendo ya mpakani yanabadilisha matokeo?

Watalii kidogo. WHO hukadiria na kuondoa lita zao, na kwa nchi zenye makumi ya mamilioni ya watu ni sehemu ndogo. Ukichambua Zanzibar peke yake hapo ndipo watalii wanakuwa kila kitu.

Magendo ni suala zito zaidi. Ushuru ukipanda upande mmoja, kreti hutembea Namanga, Holili, Sirari na Horohoro. Bia iliyolipiwa ushuru Arusha ikinywewa Kajiado inahesabiwa kwetu. Dalili yake ni mauzo ya nchi moja kupanda mwaka uleule ambao ya jirani yameshuka baada ya bajeti.

Grafu niichore vipi?

Mhimili mmoja wa wima kwa nchi zote mbili, ukianzia sifuri. Mihimili miwili hukuwezesha kuifanya mistari ikutane popote unapotaka, na msomaji hatagundua. Tumia wastani wa miaka mitatu kupunguza mtikisiko. Kama nia ni kuonyesha mwelekeo na si kiwango, geuza kila nchi kuwa 100 kwenye mwaka mmoja uliotulia, mfano 2011, kisha taja lita halisi za mwaka huo chini ya grafu. Pombe iliyorekodiwa iwe mstari mzito. Jumla iwe kivuli kati ya kiwango cha chini na cha juu. Vivuli vya nchi mbili vikipishana, usiseme moja imeizidi nyingine.

Naweza kuandika kwamba marufuku ya viroba ilipunguza unywaji?

Kwa data za kitaifa peke yake, hapana. Unaweza kuandika kwamba pombe kali iliyorekodiwa ilibadilika baada ya Machi 2017, kama data yako inaonyesha hivyo. Kusema unywaji ulipungua unahitaji ushahidi wa gongo na chupa ndogo, na nchi ya kulinganisha ambayo haikuguswa na jambo lolote mwaka huo. Kenya inaonekana inafaa, lakini ilikuwa bado inatoka kwenye msako wa 2015 na msamaha mpya wa keg.

Je, naweza kulinganisha Dar es Salaam na Nairobi kwa njia hii?

Si kwa data za ushuru. Ushuru wa bidhaa hulipwa kiwandani, kwa hiyo bia ya kiwanda cha Ilala inaonekana Dar es Salaam hata kama imenywewa Mtwara, na ya Ruaraka inaonekana Nairobi hata kama imenywewa Garissa. Kwa miji unahitaji dodoso la kaya lenye sampuli ya kutosha ya kila mji, umri uleule na swali lilelile, pamoja na kupimwa kwa vinywaji vyenyewe: nunua sampuli za mnazi, mbege na busaa kwenye vilabu tofauti, saa tofauti za siku, maabara ipime nguvu, uandike saa ya kununua na saa ya kupima. Sampuli ziende kwenye barafu. Zikikaa kwenye joto la Dar es Salaam zinaendelea kuchachuka ndani ya chupa, na utapima pombe ambayo hakuna aliyeinywa.